Pua ya Pipa la Bibi

Fundi aliyekuja kwangu Singida Mjini kubadilisha hita ya maji alikuwa mtu wa maneno machache. Aliishusha ile ya zamani kutoka ukutani, akaiinamisha juu ya beseni, kikamwagika kitu cheupe kama chenga za ganda la yai. Kama umewahi kuishi huku unakijua. Ni ukoko wa maji yetu ya chumvi. Umo kwenye birika, umo kwenye sufuria ya chai, na kila chombo kinachochemsha maji hufa kwa ugonjwa huo huo. Akachukua bisibisi, akaligonga tangi ubavuni kuona kama bado limejaa. Ngo. Mlio mfu, wa chini. Nilikuwa nimesimama mlangoni na tambara mkononi, nikajikuta nimerudi nyuma hatua moja bila kujua kwa nini.

Alipomaliza kufunga mpya alinionyesha kitu kidogo cha shaba chini yake, chenye kitundu.

"Mama, hapa pasizibwe," akasema. "Ikipata moto patadondosha maji kidogo, msishangae. Hapa ndipo inapopumulia."

Nikamwomba arudie. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, akidhani sikusikia. Nilikuwa nimesikia. Ila sikuwahi kumsikia mtu akisema chombo cha maji kinapumua, tangu bibi yangu.

Bibi alikuwa na nyumba ya wageni Itigi, ng'ambo ya reli ukitokea sokoni. Tuliiita gesti, ingawa ilikuwa nyumba ya kawaida ya tofali za kuchoma, vyumba vichache vimepangana mstari mmoja, na ua mpana uliozungushiwa miti ya vichakani. Nilipelekwa pale nikiwa darasa la tatu, mama yangu alipokwenda masomoni, nikakaa hadi nikamaliza shule ya msingi. Kwa hiyo mtu akisema "nyumbani", moyo wangu huenda kwanza kwenye ule ua: moshi wa kuni kavu, kuku wakichakura majivu, mtama umeanikwa juu ya turubai, na kule stesheni watu wamekalia mizigo yao wakisubiri treni ambayo hakuna aliyejua itaingia saa ngapi. Asubuhi tulikunywa uji wa uwele uliotiwa asali, maana asali ilikuwa karibu kuliko sukari. Jioni ugali wa mtama na mlenda, na kuku kama kuna mgeni wa heshima.

Lakini kilichoipa gesti ya bibi jina hakikuwa chakula wala vitanda. Kilikuwa maji ya moto. Itigi miezi ya Juni na Julai ina baridi kavu inayopasua midomo, na abiria akishuka kwenye behewa amejaa vumbi hatamani kitu kama kujimwagia maji yanayotoa mvuke. Nyumba nyingine walikuchemshia sufuria moja, wakakupa na ndoo ukachanganye. Kwa bibi ulifungua koki.

Nyuma ya bafu lilijengwa jiko la tofali na udongo, na juu yake limelazwa pipa la chuma, lile la mafuta. Mgongoni lilikuwa na mdomo wa kutilia maji, uliofungwa kwa kifuniko cha kuzungusha ili majivu yasiingie. Ubavuni lilitoka bomba likapenya ukuta na kuishia kwenye koki ndani ya bafu. Na kando ya ule mdomo lilisimama bomba jembamba, wazi juu, ncha yake ikipita kidogo kichwa cha mtu. Hilo tuliliita pua. Maji yakikaribia kuchemka pua ilianza kukoroma kama mzee aliyesinzia kitini. Yakichemka sawasawa ilipiga mluzi mwembamba. Bibi alilipika pipa lile kwa masikio. Angeweza kuwa chumba cha mwisho anatandika shuka, akaita kwamba moto upunguzwe, na ukienda kutazama unakuta kweli.

Tatizo la pua lilikuwa nyuki. Vichaka vya Itigi ni nchi ya nyuki, na kiangazi vidimbwi vikikauka, nyuki hufuata unyevu popote ulipo. Walitua kwenye ncha ya pua, wengine wakatumbukia, na siku mbaya mgeni alijikuta anaoga pamoja na nyuki waliochemka. Kuwafukuza kwa moto bibi hakukubali. Alisema nao ni wageni kama wengine, ila hawa hawalali. Kwa hiyo mchana, pipa likiwa limepoa, pua ilizibwa kwa gunzi la hindi, na gunzi likafungwa kwa ukanda wa mpira wa tairi ya baiskeli.

Na kwa sababu pua ilizibwa, palikuwa na sheria ya ndoo nyekundu. Aliyeziba pua alisukuma ndoo nyekundu ndani ya mdomo wa jiko, pale pale kuni zinapopita. Anayetaka kuwasha moto lazima aanze kwa kuitoa ndoo, na akiitoa, mkono uende puani kabla haujaenda kwenye kiberiti. Ndoo ile haikuwa na kazi nyingine. Haikuchota maji, haikufulia, haikuogewa. "Hiyo imeajiriwa," bibi alisema mtu akiitamani. Na alikuwa na msemo wake, ambao sijausikia kwingine: chenye moto hakizibwi pua.

Mwaka mmoja pipa la zamani lilikuwa limechoka. Ukoko wa chumvi ulikuwa umelila kwa ndani, kutu kwa nje, na maungio yakavuja. Matone yaliuzima moto, moshi ukajaa bafuni, wageni wakatoka wanakohoa. Bibi aliziba kwa sabuni ya mche. Asubuhi sabuni ilikuwa imeyeyuka, anaziba tena. Jirani yetu, mzee mrina asali aliyekuwa mtani wake wa kabila, alipita kila siku kumcheka juu ya ua.

"Mtani, usipoziba ufa utajenga ukuta."

Bibi alimwambia aanze kuziba ufa wa meno yake ya mbele, upepo unaingia mpaka tumboni.

Lakini mwishowe alikubali. Akaitwa fundi wa kuchomelea, mzee aliyewahi kufanya kazi reli, akaja na pipa jingine, zima, limeoshwa. Alihamisha bomba, akahamisha pua, akachomelea kila ungio kwa uangalifu, akarudia. Kisha akalijaza maji hadi juu, akatuambia tutafute tone. Nilizunguka nikipitisha kiganja chini ya kila ungio, pakavu. Mama mdogo, aliyekuwa amerudi kumsaidia bibi kazi za gesti, naye akazunguka, pakavu. Tulifurahi. Bibi peke yake alisimama mbali kidogo akilitazama.

"Limekaza mno," akasema.

Fundi akacheka, akamuuliza kama anataka amtobolee.

Nimelifikiria neno lile la bibi mara nyingi. Kuna siku ya mvua, kabla ya hapo, moto uliwashwa kwenye pipa la zamani huku gunzi likiwa puani, aliyeziba amesahau kuweka ndoo. Likatoa mvuke kwenye kila kidonda, likafoka mwili mzima, na hakuna kilichotokea. Tukacheka. Hatukujua kwamba ile mianya tuliyokuwa tunailaani ilikuwa pua nyingine, na kwamba lile pipa jipya tulilolisifia lilikuwa na pua moja tu.

Alasiri ile, fundi alipoondoka, nyuki walikuwa tayari wamejaa puani kwa sababu ya maji ya kujaribia. Mtani akapanda kigogo kilichokuwa kando ya jiko, akawapungia taratibu kwa tawi, akaziba pua kwa gunzi na kuifunga kwa mpira kwa mikono ile iliyozoea kufunga mizinga juu ya miti. Akashuka, akasukuma ndoo nyekundu kwenye mdomo wa jiko. Alifanya kila kitu kama ipasavyo.

Asubuhi yake waliingia wageni wawili na nusu, kama bibi alivyowaita: mzazi wa mtoto wa kwanza, aliyetoka hospitali na kichanga chake, na mama yake mzazi. Walikuwa wanasubiri treni waende kwao. Yule binti alitembea ameinama, kavaa sweta juu ya kanga mbili, na bado alitetemeka. Alimwamkia bibi shikamoo kwa sauti ambayo karibu haikutoka. Mama yake akaomba jambo moja tu: apate maji ya moto, amkande mwanawe kabla ya safari. Bibi hakusubiri amalize. Kukanda wazazi ilikuwa kazi ya mikono yake. Nusu ya akina mama wa upande ule wa reli walipitia kwake. Akamwagiza mama mdogo awashe pipa, yeye akaingia na yule binti chumbani kumfunga tumbo vizuri.

Hapo katikati ndipo kosa lilipopita, na lilipita kwa heshima zote. Unajua jinsi mzazi anavyotunzwa. Haogei chombo alichoogea kila mtu. Yule mama akazunguka uani akitafuta ndoo inayofaa. Zile za bafuni alizitazama akaziacha. Nyuma, kwenye mdomo wa jiko lisilo na moto, akaiona ndoo nyekundu, safi, isiyo na hata alama ya povu. Ukiitazama tu unajua haijawahi kugusa mwili wa mtu. Akaifuta vumbi kwa ncha ya kanga, akaipeleka bafuni.

Kisha akaja mama mdogo na kiberiti. Akainama jikoni. Hakuna ndoo. Kama hakuna ndoo, pua iko wazi, ndivyo tulivyolelewa. Hakuinua macho, nami niliyebeba kuni hadi pale sikuinua. Tulikuwa tumezoea kutazama ndoo, si pua. Akawasha, na kuni zile kavu zikashika mara moja.

Nikapewa kichanga nikipakate. Nikakaa kwenye kigoda nje ya bafu, mgongo nimeuegemeza ukuta wa upande wa jiko, maana ukuta ule ulikuwa na joto zuri na asubuhi ilikuwa ya baridi. Mtoto alinuka maziwa na mafuta. Nikakaa nikisubiri pua ikorome, kwa sababu ikikoroma bibi atatoka, na akitoka kazi yangu itakuwa imekwisha.

Haikukoroma.

Mama mdogo akaongeza kuni. Akasema chuma kipya ni kizito, kitachelewa. Mtani akaja kusalimia, akaona moto unawaka na ndoo haipo, akauliza kwa nini pipa limenuna. Mama mdogo akacheka, akaongeza kuni tena. Moto ulikuwa unanguruma sasa, ukuta nyuma yangu ukatoka kwenye joto zuri hadi joto la kunifanya nisogee kidogo. Na kutoka juu ya jiko, kimya. Si kimya cha pipa baridi. Ni kile kimya cha mtu aliyebana pumzi.

Kisha likasema: ngo.

Mara moja tu. Kuku waliokuwa kwenye majivu wakaondoka wote kwa pamoja.

Bibi alikuwa ndiyo kwanza anaingia bafuni amemshika mzazi mkono. Mlango ulikuwa wazi, niliona yote. Alimkalisha binti kwenye kigoda, akakunja mikono ya blauzi, akainama, na macho yake yakatua kwenye ndoo. Hakuipita. Aliitazama kama unavyomtazama mtu uliyedhani yuko mbali.

"Ndoo hii imetoka wapi?"

"Pale nyuma, jikoni," yule mama akasema. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye koki. "Nimeona haijaogewa na mtu. Nimekosea, dada?"

Pipa likasema tena ngo, na ukuta ukaupokea mlio.

"Hujakosea," bibi akasema. Alizungumza chini kabisa, kama mtu anayezungumza karibu na nyoka. "Toa mkono kwenye koki. Polepole. Usiifungue. Sasa mshike mwanao mtoke, mwende kule kwenye mtama."

Halafu akanigeukia. "Inuka hapo ukutani. Mtoto asilie. Nenda."

Nilikwenda. Nilitembea nikiogopa kukimbia, nikiogopa kuanguka na mtoto wa watu, mgongo bado unachoma kwa joto la ule ukuta. Nyuma yangu nikasikia bibi akimwita binti yake kwa lugha ya nyumbani, ile aliyoitumia kwa misiba na hasira tu. Mama mdogo alikuwa ameshaelewa. Alikuwa ameinua macho, ameliona gunzi, na alikuwa tayari kwenye kigogo ananyoosha mkono alichomoe.

Mtani alimdaka kiuno akamshusha. Hakumkaripia, alimwambia tu kwamba akilichomoa sasa uso wake utabaki pale pale puani.

Kutoka kwenye turubai la mtama niliweza kuliona pipa. Ubavu wake ulikuwa umetuna kama ng'ombe aliyevimbiwa majani mabichi. Rangi ilikuwa inabanduka magamba magamba. Moto chini yake uliwaka kwa furaha, kuni zile nilizochagua mwenyewe kwa ukavu wake.

Maji ya kuuzimia hayakuwa karibu, na hakuna aliyetaka kusimama mbele ya jiko kuyamwaga. Mtani ndiye aliyekwenda kwao mbio, kwa umri ule, akarudi na mti wake mrefu wenye ndoano, wa kutundikia mizinga. Akajificha nyuma ya pembe ya bafu, akatoa mkono na jicho moja, akaanza kuvuta vinga vya moto. Kila kinga kilitoka kikirusha cheche, na kila kilipotoka pipa liligonga tena, kana kwamba linahesabu. Mama mdogo alilala kifudifudi nyuma ya rundo la tofali akivimwagia mchanga. Bibi alisimama katikati ya ua na mikono kiunoni. Tulimwita asogee. Hakusogea. Nadhani aliona ni aibu kukimbia kitu ambacho wageni wake walikuwa bado hawajakikimbia vya kutosha.

Moto ukaisha jikoni. Pipa halikupungua. Tukasubiri. Yule binti alikuwa amekaa juu ya mtama amejikunyata, meno yanagongana, sweta lake limebaki bafuni. Mtoto akaanza kulia kwenye mikono yangu na sikujua kumbembeleza. Bibi akamtazama yule binti, akamtazama mtoto, akamgeukia mtani.

"Huyu hawezi kukaa kwenye baridi mpaka chuma kipende chenyewe. Unaifikia pua ukiwa hapo ulipo?"

"Naifikia."

"Basi ifungue."

Akapandisha ule mti juu ya paa la bafu, taratibu, ndoano ikitikisika. Ikapita juu ya pua. Ikarudi. Ikanasa mpira, ikateleza. Ikanasa tena. Akavuta.

Mpira ulikatika kwa mlio mdogo sana. Kilichofuata hakikuwa kidogo. Gunzi lilipotea, hakuna aliyeliona tena maishani. Nguzo ya mvuke ilisimama juu ya ua wetu, nyeupe, ndefu kuliko miti, ikipiga mlio ambao ulitikisa mabati. Ulidumu. Na kule stesheni, niliona kwa macho yangu, watu walisimama. Walibeba mabegi kichwani, wakawaamsha watoto, mwanamke mmoja akamfunga wake mgongoni haraka haraka, wote wakasogea relini wakinyoosha shingo upande wa Manyoni.

Mlio ukashuka, ukawa mluzi, ukawa koromo la kawaida. Ubavu wa pipa ulirudi kidogo tu.

Mtani akatoka nyuma ya ukuta, masizi mpaka kwenye nyusi. Akatazama stesheni.

"Mtani," akasema, "treni yako imewahi."

Bibi alikaa chini, pale pale kwenye majivu, akafunika uso kwa kanga.

Hakukaa sana. Akainuka, akasubiri maji yapoe kwa kiasi anachokijua yeye, akafungua koki na kumkanda yule binti kwa maji yale yale, kwenye ndoo nyekundu ile ile. Mama wa binti aliomba msamaha mpaka bibi akamkataza. Kosa, alisema, ni la mwenye nyumba aliyeweka alama nzuri kuliko vyombo vya wageni wake. Walipoondoka na treni ya kweli, jioni, aliwapa ndoo ile waende nayo. Imestaafu, akasema.

Fundi alikuja kulitazama pipa, akashika kichwa, akataka kulibadilisha. Bibi alikataa. Alitaka liongezewe pua ya pili tu. Na toka siku hiyo hakuna gunzi lililoingia puani. Nyuki waliwekewa karai lao la maji karibu na ua, na vijiti vya kutulia wasizame. Kila asubuhi kabla ya shule kulijaza ilikuwa kazi yangu. Pipa likabaki na tumbo lake. Wageni waliliuliza, na kila mmoja alisimuliwa.

Bibi hayupo tena, mtani naye hayupo. Nilipopita Itigi mara ya mwisho ile nyumba ilikuwa imebomolewa, pamejengwa gesti ya vigae, na kila bafu lina hita yake ukutani. Ni vizuri, sitaki mtoto mwingine aegemee ukuta kama ule. Lakini mgeni anaoga peke yake, anaondoka, na hakuna mtu uani anayejua kwa masikio kama maji yamefika. Karai halipo. Sikuona hata nyuki mmoja, ingawa nilisimama pale nikitafuta.

Fundi aliwasha hita yangu mpya, tukasimama wote wawili tukiitazama. Haikusema kitu. Taa yake ndogo iliwaka, na kimya. Nilihisi mgongo unapata joto. Kisha kwenye kile kitundu cha shaba likatokea tone, likaning'inia, likadondoka sakafuni. Likafuata jingine.

Fundi akaona aibu kidogo. Akachukua spana, akasema kama maji yatanikera anaweza kufunga kibomba cha kuyapeleka nje, yasionekane wala kusikika.

Nikamwambia aache. Niache niyasikie.